Jambo la Mlangoni

Kipindi kilikwisha, muziki ukapigwa, na jina la Wening halikutajwa.

Bu Sukesi alibaki ameikodolea macho simu iliyoegemezwa kwenye birika, kama vile maneno mengine yalikuwa bado njiani na yangefika tu. Majirani kumi na mmoja walikuwa wamejazana sebuleni kwake, wengine mkekani, wengine wamesimama mlangoni na watoto viunoni. Walikuwa wamecheka mpaka wakashika mbavu. Walicheka habari za baba aliyezimia alipoona mwanawe mchanga akikandwa kitovu. Walicheka za mkwe aliyekunywa mafuta ya kukandia akidhani ni dawa ya tumbo. Sasa hakuna aliyecheka.

"Mbona hukusema?" aliuliza Bu Parti, jirani wa ukuta kwa ukuta. "Saa nzima, mwenzangu. Saa nzima mnachekeana na Mas Galang kama mko harusini."

"Nilisema."

"Ulisema saa ngapi? Si tumesikiliza sote hapa?"

"Nilisema, Parti. Nilisema mpaka nikalia."

Bu Parti aliwatazama wenziwe, nao wakatazama vidole vya miguu yao. Wakaanza kuaga mmoja mmoja, kwa adabu, na ile adabu yao ilimuuma Bu Sukesi kuliko kama wangemtukana.

Wening alikuwa mwanawe wa pekee. Alikwenda Taiwan kumtunza mzee mmoja asiyetembea, na kwa mwaka mmoja na nusu kila Jumapili alipiga simu. Kisha ikaja Idi. Siku ya Idi, mtoto hata awe ameolewa mwisho wa dunia, ni lazima amtafute mama yake amwombe radhi ya mwaka. Wening hakupiga. Hakupiga siku ya pili, wala mwezi wa pili, na sasa ulikuwa mwezi wa saba. Wakala aliyempeleka alisema, subiri, Bu, mama yetu. Ofisi ya wilaya ilisema, leta barua. Barua ikapelekwa, nao wakasema, subiri, Bu. Wote walisema kwa upole na wote walimpa kiti.

Aliyempa njia ni binti wa Bu Parti, aliyekuwa amerudi kutoka huko huko. Alisema, "Kule sote tunamsikiliza Mas Galang. Unapiga pasi, sikio moja kwa bosi, sikio moja kwa Mas Galang. Likisemwa kwenye podikasti yake, hata aliyeko jikoni ghorofa ya kumi atalisikia."

Na Mas Galang alikuwa ameshamwalika mara mbili. Bu Sukesi ndiye aliyemkanda mtoto wake, na mkewe alicheka kwa hadithi zake mpaka akaogopa mshono wa uzazi utafumuka. Mara zote mbili Bu Sukesi alikataa, maana nani anataka kumsikia mkandaji wa watoto? Mara ya tatu alijialika mwenyewe.

Basi alikwenda. Alipanda treni ya asubuhi kutoka Delanggu hadi Solo, amevaa kebaya, blauzi yake ya msibani kwa kuwa ndiyo iliyokuwa safi. Chumba cha kurekodia kilikuwa na baridi ya kugandisha samaki, kuta zote zimebandikwa sponji. Aliletewa chai. Mas Galang alisalimia wasikilizaji, akamuuliza habari za nyumbani, habari za treni, amekula nini, na Bu Sukesi akajibu kila kitu vizuri, mgongo umenyooka, kama mgeni anavyokaa.

Ila yule kijana hakuacha tundu katika mazungumzo. Kwao Bu Sukesi mtu akimaliza kusema, unangoja kidogo neno lake litulie, ndipo unasema la kwako. Mas Galang alipoona pengo alilijaza. "Ee, ee, kweli Bu, halafu?" Na kicheko juu. Mara moja Bu Sukesi alisema, "Mimi pia nina mtoto, yuko Taiwan," akavuta pumzi ya kuendelea, na kabla pumzi haijafika kifuani kijana akadakia, "Basi huyo anakula vizuri kuliko sisi hapa. Tangazo kidogo, jamaa zangu." Akaanza kusifu kahawa ya pakiti.

Siku ile hakukasirika. Alikuwa na mpango wake, na ulikuwa mpango wa kila mtu aliyelelewa vizuri. Hakuna mtu anayeingia nyumba ya mwenzake akatandika shida yake mezani na kandambili bado zina joto la mguu. Unakaa. Unakunywa ukiambiwa kunywa. Unauliza mvua, unauliza watoto, unauliza kikohozi cha babu. Kisha unaomba ruhusa ya kuondoka, na pale pale ukiwa umesimama, mkono umegusa mlango, unasema, "Kwa kweli, nimekuja na jambo dogo." Na mwenye nyumba, ambaye tangu ulipoingia anajua kwamba hukufuata chai, anakaa tena chini. Bu Sukesi mwenyewe aliposwa hivyo. Mauti ya baba yake alielezwa hivyo.

Kwa hiyo Mas Galang aliposhukuru, akawatakia wasikilizaji amani, akavua hedifoni, Bu Sukesi aliinamia maikrofoni akasema, "Kwa kweli, Mas, nimekuja na jambo dogo." Akaeleza lote. Jina kamili, umri, kovu kwenye unyusi wa kushoto, mji wa Taichung, mzee wa kiti cha magurudumu. Akalia. Mas Galang alisimama anakunja waya kwenye kiganja, anatikisa kichwa. "Pole sana, Bu. Mungu amlinde." Akampa kikombe chenye picha ya uso wake mwenyewe, akamsindikiza hadi barabarani. Bu Sukesi alirudi Delanggu na kikombe mapajani, na moyo wake ulikuwa mwepesi kwa mara ya kwanza tangu Idi.

Sasa alielewa. Alikuwa ameiambia mashine iliyozimwa. Lakini mashine haikuwa peke yake mle chumbani. Palikuwa na mtu mwenye masikio mawili, aliyesikia yote, akakunja waya.

Hasira ilimpanda taratibu, kwa kuwa hakuwa na mazoea nayo. Aliosha vikombe vya majirani. Alifagia. Alipofika kwenye kona ya kabati alijikuta amekaba ufagio kwa mikono miwili kama mtu anayenyonga kuku.

Asubuhi alipanda treni tena. Hakuvaa kebaya.

Aliyefungua mlango ni Mbak Nurvita, mwanamke mnene wa makamo, ambaye kazi yake ni kukata na kuunga sauti. Mas Galang alikuwa ndani, anakula wali kwenye jani, na alipomwona mgeni aliangaza uso wote.

"Bu Sukesi. Karibu, karibu. Unajua kipindi chako kimevuma? Watu wanadai sehemu ya pili. Umekula?"

"Sijala na sitakula. Jambo langu liko wapi?"

"Jambo gani, Bu?"

"Nililokuambia ukakunja waya."

Mas Galang aliweka kijiko chini. Alieleza kwa sauti ya kubembeleza kwamba akishaaga, kipindi kimekwisha. Kinasa sauti huzimwa. Yasemwayo baadaye ni ya watu wawili tu, si ya hewani. "Na Bu mwenyewe hukusema mapema. Saa nzima nilikupa."

"Ulinipa saa nzima ukaikalia wewe."

Mbak Nurvita alikohoa, na kile kikohozi kilificha kicheko. Mas Galang alimtupia jicho.

"Sikiliza, Bu. Tutafanya hivi. Wiki ijayo, mwisho wa kipindi, nikisoma salamu za wasikilizaji, nitasoma na habari ya Wening. Sawa?"

Ilikuwa ahadi ya heshima na Bu Sukesi alikaribia kuipokea. Mdomo ulikwisha funguka kusema asante. Ni Mbak Nurvita aliyeharibu.

"Mas, mwisho hakuna mtu," alisema. Aliigeuza kompyuta yake. "Njoo uone, Bu. Huu mstari ndio watu. Hapa mwanzo, ona ulivyo juu. Hapa dakika ya tano wengine wamekwenda zao. Na hapa Mas anapoanza kusema asante." Kidole chake kiliteremka mpaka chini kabisa ya kioo. "Wakisikia asante wanazima. Hata mimi nikiwa nyumbani huzima."

Bu Sukesi aliutazama ule mteremko. Kwa hiyo hata mashine ingekuwa inawaka, angekuwa amelilia ukuta. Miaka sitini alifundishwa kwamba neno zito linangoja mwisho, na huku duniani watu walikuwa wameondoka mwisho haujafika.

"Mwanzo," alisema.

"Bu?"

"Nataka mwanzo. Kule juu walikojaa."

"Mwanzo una utaratibu wake, Bu," alisema Mas Galang, na sasa ubembelezi ulikuwa umepungua. "Salamu, habari, kichekesho, ndipo tunaingia ndani. Watu hupashwa moto kwanza."

"Mwanangu si kiporo."

"Sikusema hivyo."

"Unataka sehemu ya pili au hutaki?"

Alitaka. Alinawa mikono haraka, Mbak Nurvita akawasha mashine, taa nyekundu ikawaka. Bu Sukesi alivaa hedifoni mwenyewe bila kusaidiwa.

"Assalamu alaikum, jamaa zangu wa pande zote," alianza Mas Galang kwa sauti yake ya kazini, "mlioko nyumbani na mlioko ugenini—"

"Naitwa Sukesi, mama yake Wening Prastiwi aliyeko Taichung."

"Bu. Ngoja kwanza. Nitakuuliza habari, halafu utasema." Alimpungia Nurvita mkono. "Tunarudia. Assalamu alaikum, jamaa zangu, leo tunaye tena yule bibi yetu wa—"

"Wening Prastiwi. Miaka ishirini na saba. Ana kovu kwenye unyusi wa kushoto."

Tangu azaliwe Bu Sukesi hakuwahi kumkata mtu neno, hata mtoto. Sasa alikata mara ya pili, na akaona si vigumu, ni kama kukata uzi kwa meno. Mas Galang alicheka kicheko cha kuokoa jahazi.

"Bibi ana haraka leo, jamaa. Haya, Bu, tuambie. Habari za Delanggu?"

"Mbaya."

Hakuna aliyewahi kujibu hivyo kwenye kipindi kile. Nchi ile mtu nyumba yake inaungua, ukimuuliza habari atasema nzuri kwanza, kisha atakuomba ndoo. Mas Galang alifungua mdomo akakosa cha kujaza. Pengo likaingia chumbani, pengo zima, na Bu Sukesi akaliacha mpaka lilipomtosha.

"Ni mbaya, na wewe ulijua ni mbaya kabla hujanipa kikombe."

"Bu, unanivunjia heshima kwenye kipindi changu."

"Heshima ipi? Ile nimekupa saa nzima. Ulipodakia nilinyamaza. Ulipochekea mtoto wangu nilicheka na wewe. Mama yako namjua. Nilikukanda wewe mwenyewe una siku tano, umejikunja kama kamba, na nilipotaka kuondoka nikamwambia mama yako mlangoni kwamba mume wangu anaumwa, alirudi akakaa. Ana kidonda cha uzazi, na akakaa. Wewe ulikunja waya."

Masikio ya Mas Galang yaliiva. Sauti ya kazini ilimtoka, akabaki na ya mtaani.

"Unadhani ni wewe tu? Kila wiki wanakuja na shida zao, Bu. Huyu mume kapotea, huyu mtoto kapotea, huyu kadhulumiwa. Nikizitangaza zote nani atasikiliza? Wale wanaopiga pasi kule wanataka kucheka. Shida wanazo tayari."

Neno hilo lilikuwa na ukweli ndani yake, na ndilo lililomkasirisha kuliko yote. Bu Sukesi aliigeuza maikrofoni ikamwelekea yeye peke yake.

"Ninyi mnaopiga pasi," alisema. "Mas Galang anasema mnataka kucheka tu. Wiki iliyopita nimewachekesha saa nzima, huku moyo unaoza, kwa sababu nilidhani ndiyo adabu. Leo sina adabu. Wening Prastiwi. Alikuwa anamtunza mzee wa kiume asiyetembea. Tangu Idi sina habari zake. Mkimwona, mwulizeni yuko wapi, mniambie. Hata kama ni habari mbaya, niambieni, nimechoka kuambiwa nisubiri." Aliirudisha maikrofoni katikati. "Nimemaliza. Sasa niulize mvua."

Mas Galang hakumuuliza mvua. Polepole tabasamu likamrudia, na lilikuwa tabasamu la mfanyabiashara aliyeona wateja wanakuja.

"Nurvita," alisema, "usikate kitu. Iweke kama ilivyo, tangu mwanzo. Ugomvi unavuma kuliko vichekesho."

Bu Sukesi alijua amepata alichofuata. Hata hivyo alitamani kumpiga kwa kile kitako cha maikrofoni. Alivua hedifoni, akaiweka mezani, akatoka hadi barabarani bila kuaga. Hakuwahi kuondoka bila kuaga, hata penye msiba.

Kweli ilivuma. Walikata kile kipande cha "Mbaya" wakakitia muziki. Watoto wa Delanggu walipomwona sokoni walimuuliza habari makusudi, ili ajibu. Mbak Nurvita alikuwa ameandika namba ya simu ya Bu Sukesi chini ya kipindi, na kila asubuhi Bu Parti, ambaye macho yake yalikuwa bado mazima, alikaa naye kibarazani akimsomea meseji.

"Huyu anasema wewe ni bibi mkali, anakupenda. Huyu anacheka. Huyu anacheka. Huyu anataka umkande mtoto, yuko Surabaya. Huyu anauliza kama Mas Galang alilia."

"Soma zinazofaa."

"Zinazofaa nitazijuaje kabla sijazisoma, mwenzangu? Umekuwa mwalimu mkuu."

Siku ya nne Bu Parti alisoma mstari mmoja, akarudia kuusoma, akaweka mkono kifuani. Meseji ilikuwa ya mwanamke aitwaye Jumirah, mtu wa Ponorogo, yuko Taichung. Ilianza na salamu mistari sita, dua mistari miwili, na radhi kwa kumsumbua mama wa watu.

"Ruka," alisema Bu Sukesi.

"Ngoja, anamshukuru Mungu—"

"Ruka, Parti."

Jumirah alisema kwamba kule taka hazitupwi hovyo. Gari la taka hupita jioni likipiga muziki, na kila nyumba hushuka na mifuko yake, basi wasichana wote wa kazi hukutana pale kwa dakika chache. Pale ndipo wanapeana habari. Alikuwa amemwona mmoja mwenye kovu kwenye unyusi, mpya mtaani, haongei, anatupa taka na kurudi mbio. Jana alimwendea akamwita kwa jina. Yule msichana aliangusha mfuko. Sauti yake ilikuwa imefungwa pamoja na meseji.

Bu Parti alibonyeza. Kwanza ulisikika muziki wa gari, mwembamba kama wa kisanduku cha kuchezea watoto. Kisha Wening.

"Assalamu alaikum, Mak. Mak hajambo? Magoti yako? Bu Parti hajambo, na binti yake, ameshajifungua? Mak, niwie radhi ya Idi, ya nje na ya moyoni, makosa yangu yote, na unisamehe sikuweza kupiga, na ninatumaini nyumbani mvua—"

"Ananiulizia mimi," alisema Bu Parti, machozi yanamtoka.

"Nyamaza. Sema uko wapi, mtoto wewe. Sema uko wapi."

"—mvua imenyesha. Mak, yule mzee alifariki. Nimehamishwa. Simu wamechukua, na pasipoti, wanasema mpaka nimalize mkataba mpya. Hapa ni wagonjwa wawili na duka. Nashuka na taka tu. Ni nyuma ya soko la mboga, jengo la—"

Muziki wa gari ulianza kwenda mbali. Zikasikika hatua za kukimbia, kisha sauti ya Jumirah ikihema, "Nimeliona jengo, Bu. Nimeandika namba, iko hapo chini."

Namba ilikuwa hapo chini. Bu Parti aliinakili mara mbili nyuma ya kalenda.

Bu Sukesi aliisikiliza tena ile sauti, akaisikiliza na mara ya tatu. Sekunde hamsini na mbili. Thelathini na kitu zilikuwa za salamu. Mtoto amefungiwa, gari linaondoka, pumzi zimehesabiwa, na amezitumia kuulizia magoti na mvua. Alitaka kumkasirikia wakala, na alimkasirikia. Alitaka kuwakasirikia wenye lile duka, akawakasirikia pia, na Mas Galang juu yao. Lakini nani aliyemfundisha Wening kuweka jambo lake mwisho, karibu na mlango? Hakufundishwa na wakala.

Jumirah alikuwa ameandika kwamba gari litapita tena Alhamisi. Akitumiwa sauti, ataishika simu mbele ya sikio la Wening.

"Nioneshe pa kubonyeza," alisema Bu Sukesi.

Bu Parti akamwonesha. Bu Sukesi akabonyeza, akaishika simu karibu na mdomo kwa mikono miwili.

"Jengo tunalo. Kesho naenda kwa wakala na sauti yako, waisikie, na sitanyanyuka mpaka wapige simu huko mbele ya macho yangu. Kutoka kwao naenda wilayani. Usisaini karatasi yoyote, hata wakikubembeleza, hata wakikupigia kelele. Kila gari likija, shuka, hata ndoo ikiwa tupu, na ukimwona Jumirah, anza na jambo lako. Usiniulize magoti."

Akaachia kidole. Kuku wa jirani alipita kibarazani akidonoa.

"Hukumsalimu hata kidogo," alisema Bu Parti.

"Sikumsalimu," alisema Bu Sukesi. "Inatumwaje?"